Kwa Nini Sikwenda Olkaria

Jerop mwanangu,

Nakusikia chumbani ukifunga begi na kulifungua tena, hii ni mara ya tatu, na mimi niko jikoni, hatua kumi tu kutoka kwako, nakuandikia barua kama mtu aliye nchi nyingine. Usinicheke. Nikijaribu kuyasema haya uso kwa uso nitaishia kukuuliza kama umekula. Ni Jumapili, saa kumi jioni, na kesho asubuhi basi la Kigali linakuchukua. Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutompa mtu begi akushikie pale mpakani, nimeyasema mpaka umenihurumia. Hayo nayaacha. Nataka kukwambia jambo moja, nalo ni kwa nini sikwenda Olkaria kwenye ile kazi.

Jumanne ulisema neno ambalo wewe labda umeshalisahau. Mzee Tuwei, mwenyekiti wa ushirika, alikuwa ametoka hapa baada ya kunywa chai yetu na kumaliza mkate wetu, na ombi lake ameliacha mezani. Kwamba mimi nastaafu mwisho wa mwaka, kwamba mashine ya ofisi ya maziwa haijulikani na mtu mwingine ila wewe, kwa hivyo uachane na masomo ya Kigali, ukae, kazi ni yako. "Huyu msichana ndiye anajua hiyo kitu," alisema. "Tukimpoteza, tumekwisha." Nilidhani akishatoka utacheka. Hukucheka. Ulisuuza sahani, ukanipa nipanguse, ukasema bila kunitazama:

"Mum, wewe si ulikataa Olkaria juu yangu? Wacha na mimi nibaki juu yako. Ni haki tu."

Nikwambie ukweli: nilifurahi. Kwa muda wa kupangusa sahani moja nilifurahi sana. Nilikuona ukirudi hapa kila jioni, umekaa kwenye kile kiti cha baba yako, unalalamika kuhusu umeme. Halafu nikashika sahani ya pili, ikaniponyoka sinkini, nikakwambia ni sabuni.

Sikubaki kwa ajili yako, Jerop. Nimewaambia watu hivyo kwa miaka kumi na minne. Nilimwambia baba yako, naye amezikwa akiamini. Nilikwambia wewe ukiwa darasa la tatu, na kila uliponiudhi nilikukumbusha kidogo, kwa kijembe tu, jinsi mama wengine wote wanavyofanya. Ulikuwa uongo. Nilibaki kwa sababu ya ile mashine, na kwa sababu ya ng'ombe wa Mama Kamau.

Mashine unaijua. Ulianza kuichezea ukiwa hufikii meza bila kupiga magoti kitini. Lakini hukuwepo ofisini ilipoanza, kwa hivyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Kabla yake nilikuwa natumia kikokotoo na daftari kubwa. Kila mwezi wakulima walileta rekodi: ng'ombe fulani, amezaa mara ngapi, ametoa lita ngapi, amelishwa nini. Kazi yangu ilikuwa kutenganisha ng'ombe mzuri kweli na yule anayeonekana mzuri kwa sababu mwenyewe ana nyasi nyingi. Orodha ikikamilika nilikuwa naibandika kwenye mlango wa kituo asubuhi, maziwa yakishapimwa. Umewaona mara ngapi? Wanaacha madebe chini, wanasukumana, wanafuata majina kwa kidole kama watoto wanaotafuta matokeo ya mtihani. Aliye juu, ndama wake wanatunzwa. Aliye chini anauzwa kabla hajamaliza nyasi za mwenyewe.

Kisha nikasikia habari za R. Programu ya takwimu, ya bure, iliyoandikwa na watu wa dunia nzima na kuachwa wazi, kila mtu aione ndani na aijenge mwenyewe. Kamati ililipenda sana lile neno bure. Kompyuta tuliyokuwa nayo ilikuwa ya msaada, nzee, inatumia Linux, na R iliyokuja nayo ilikuwa ya zamani mno kwa hesabu niliyotaka. Ilibidi nichukue ile mpya katika hali yake ya mwanzo, maandishi matupu, niijenge pale pale ofisini.

Wewe leo unafanya hivyo huku unapiga simu. Mimi ofisini sikuwa na intaneti. Nilishuka Nakuru mjini, kwenye cyber, nikapakua, nikafunga flashi ndani ya leso, nikapanda tena mlimani. Nikaandika "configure," ile amri ya kwanza inayokagua mashine na kukwambia imepungukiwa nini. Ikasema hakuna kompaila ya Fortran. Sikujua hata kwamba Fortran ni lugha ya zamani ya kompyuta, inayotaka mtafsiri wake. Nikashuka mjini. Nikapanda nayo. Ikasema sasa inataka readline, programu nyingine ndogo. Nikashuka. Kila kitu nilichokileta kilitaka ndugu yake. Wiki tatu, Jerop. Kondakta mmoja alianza kuniita Madam Flashi.

Mwisho ikabaki maktaba moja, faili ambalo R huliegemea inapofanya hesabu za majedwali makubwa. Hilo sikulipata. Nilikuwa nimechoka na ile barabara, na kamati ilikuwa imeanza kuuliza maswali. Pale cyber kulikuwa na kompyuta nyingine iliyokuwa nalo, toleo jingine, la mashine ya aina nyingine. Nikalinakili vivyo hivyo. Kwa kuwa jina halikufanana, nikatengeneza kiungo chenye jina ambalo R ilikuwa inalitafuta. Ikatafuta jina, ikapata jina, ikanyamaza. Nilijiona mjanja kweli.

Nikaandika "make." Ikajijenga mchana kutwa, feni inalia, umeme ukapotea mara moja katikati nikaanza upya. Ilipomaliza ikabaki "make check." Unajua kazi yake: programu inajipima yenyewe kwa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tayari. Ikaanza vizuri. Kisha ikasimama, na kwenye skrini ukaja mstari unaosema kwamba namba zilizopatikana si zile zilizotarajiwa.

Niliusoma. Hapo ndipo nataka unielewe vizuri, kwa sababu nimejitetea kwa miaka mingi kwamba sikujua. Niliusoma kwa macho yangu, mara mbili. Ilikuwa saa kumi na moja, mvua inakuja kutoka Mau, na orodha ilitakiwa Jumatatu. Nikafungua R, nikaiambia ichore grafu, ikachora grafu nzuri ajabu. Nikasema moyoni, kitu kinachochora hivi hakiwezi kuwa kibovu. Nikaandika "make install," amri ya kuiweka ianze kazi, nikachukua mwavuli wangu nikaenda nyumbani.

Orodha tatu zilitoka kwenye mashine ile. Nyingi ya namba zilikaribia ukweli, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Mtu mmoja tu alishtuka. Mama Kamau alikuwa na ng'ombe aliyemwita Nyakio, jina la mama mkwe wake, kwa sababu, alituambia, wote wawili hawakupi kitu mpaka uwabembeleze. Kwenye orodha ya tatu Nyakio alikuwa wa tatu kutoka chini. Mama Kamau alikuja mpaka dirishani kwangu, kanga bado ina matone ya maziwa.

"Mama Jerop, hii karatasi imekosea. Nyakio ni mimi namkamua. Hawezi kuwa huko chini."

"Mama Kamau, si mimi nimesema. Ni kompyuta. Kompyuta haina mapenzi."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Nililipenda lile jibu langu mpaka nikalirudia kwenye mikutano miwili. Wiki hiyo hiyo mumewe, aliyekuwa ameamini karatasi kuliko mke, akamuuza Nyakio kwa dalali wa Kikopey, pale pa nyama choma. Ng'ombe wa Kikopey haendi kukamuliwa.

Sasa unajua. Kila tulipopita pale Kikopey tukienda Nairobi, moshi wa nyama umejaa barabarani, baba yako ameshapunguza mwendo, wewe nyuma unaimba "tusimame, tusimame," nami nilisema tuna haraka. Siku moja ulisema mbele ya wageni kwamba mama yako ni mchoyo wa nyama. Nilikuacha uamini. Ilikuwa nafuu.

Niligundua mwezi uliofuata. Tulikuwa na mafunzo ya siku mbili Nakuru, na mimi, kwa kujionyesha, nilibeba rekodi zangu ili mwalimu aone tulipofika. Akaziingiza kwenye laptop yake, iliyojengwa sawasawa. Majibu yakatoka tofauti. Nilishuka na orodha kwa kidole kama wakulima wangu. Nyakio alikuwa wa nne kutoka juu. Mwalimu akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikasema ni joto.

Ningeweza kurudi nikasema. Siku ile ilikuwa rahisi kuliko siku zote zilizofuata, na hilo sikulijua kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia, ndiyo maana nakwambia wewe. Badala yake nilitafuta maktaba iliyo sahihi, nikaijenga R upya, yote ndani ya folda yangu mwenyewe, mtu asione kilichobadilika. Safari hii niliiacha ijipime mpaka mwisho, na ikapita. Orodha zote baada ya hapo ni sahihi, zikiwemo ulizochapisha wewe, usiwe na wasiwasi nazo. Lakini zile tatu zilibaki kwenye kabati la chuma. Na mtu yeyote mwenye akili atakayekuja kuijenga ile programu mahali pengine atafanya jambo moja kwanza: atachukua rekodi za zamani, aziendeshe, alinganishe na orodha za zamani. Miezi mitatu haitalingana. Kwa hivyo niliamua kwamba mtu huyo hatakuja.

Unakumbuka kile kibandiko, USIZIME, USIGUSE? Uliniuliza kwa nini nimeandika kwa hasira. Mzee Tuwei alipotaka kununua kompyuta mpya nilimwambia programu hii haikubali kuhamishwa, na yule mzee akanishukuru kwa kuwaokolea fedha. Hatua za kuijenga sikuziandika popote. Walipoomba nimfundishe mtu, nilimfundisha kwa namna ambayo hata mimi nisingeelewa. Watu wakaanza kusema ofisi ile ni Mama Jerop na Mama Jerop ni ofisi ile, wakaninunulia kiti cha magurudumu, nikakikalia. Kila mwezi nilikuwa pale. Bibi yako tulimzika Alhamisi, na Ijumaa jioni nilikuwa nimesharudi kwa sababu ya orodha, ndugu zangu wakasema nina moyo wa jiwe. Miaka hiyo sikuwahi kuugua mwisho wa mwezi. Nilikuwa naota umeme umepotea, mashine imekataa kuwaka, na fundi amekuja na bisibisi akinitabasamia.

Halafu ikaja barua ya Olkaria. Takwimu za visima vya mvuke, nyumba ya wafanyakazi, baba yako angekuwa anapita na lori lake kila wiki. Nilikuwa nimeanza kupima mapazia, Jerop, bila kuiona hiyo nyumba. Walitaka kitu kimoja, nimkabidhi mtu kazi yangu ya zamani vizuri, wanipe mwezi mzima wa kumfundisha. Mwezi mzima mtu amekaa mbele ya ile mashine na ufunguo wa kabati mkononi. Niliandika kwamba siwezi.

Jioni baba yako akaniuliza, "Kwa nini sasa?" Tulikuwa mezani. Wewe ulikuwa pembeni unafanya hesabu za kuzidisha, ulimi nje. Alikuwa ananitazama akingoja sababu, na mimi sikuwa nayo, macho yangu yakazunguka chumba chote yakaishia kwako.

"Huyu mtoto atahamishwaje shule sasa, katikati ya mwaka?"

Ndivyo ilivyotokea. Penye nafasi ya sababu nikaweka jina lako, kama nilivyoweka lile faili la cyber, na mambo yakanyamaza. Baba yako alikubali kwa sababu alikupenda. Wewe uliinua kichwa ukanitazama kwa macho makubwa, na naapa niliona kitu kimekukalia mabegani ambacho hakikuwepo. Tangu siku hiyo ukawa mtoto mwema kupita kiasi. Nilijua kwa nini. Nilikuacha.

Nilipofanyiwa upasuaji nilikufundisha kuchapisha orodha kwa simu kutoka wodini, ukajivuna kwamba nimekuamini. Nilikufundisha kuandika ninachokutajia, basi. Ukiwa na miaka kumi na mitano uliniuliza, "Mum, mbona kila kitu kiko kwa folda yako? Siku ukitoka si itakufa?" Nikakwambia ukae vizuri, mgongo utapinda. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika ile ofisi. Na Jumanne, pale kwenye sinki, niliona jibu lake. Haitakufa. Itakuchukua wewe. Ungekaa kwenye kile kiti miaka thelathini ukilinda kitu usichokijua, ukidhani unanilipa.

Kwa hivyo Jumatano sikwenda kwa daktari wa macho. Nisamehe, huo nao ulikuwa uongo, natumaini ndio wa mwisho. Nilikwenda ofisini na daftari jipya na nikaanza kuandika hatua zote, tangu mashine tupu. Kuna ile kompyuta waliyonunua ya kuandikia barua, bado ina nailoni. Nikamwita Akinyi, yule karani wetu anayeogopa hata kuweka karatasi kwenye printa, nikamwambia leo wewe ndiye utaijenga R, mimi nitakaa na mikono yangu chini ya mapaja.

"Mama Jerop, unataka nifutwe kazi?"

"Fuata daftari tu."

Akafuata. Ukurasa wa pili akasimama. "Inasema haioni Fortran. Huyu Fortran ni nani, na amekosana na nani?" Nilicheka mpaka nikatoa machozi, kwa sababu nilikuwa nimeiruka ile hatua. Miaka yote hii naifanya bila kufikiri, nikaisahau. Nikaiandika. Akaendelea. Akakwama mahali pengine pawili, na mara zote kosa lilikuwa la daftari langu, si lake. Ile mikono chini ya mapaja iliniuma, Jerop. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kutoshika ile kibodi. Alhamisi mchana akaandika "make check," nami nikamwambia asiguse kitu mpaka ijimalize. Tulikaa pale wawili tunatazama mistari inapanda. Alikuwa anaisoma kwa sauti, "OK, OK, hii nayo OK," kama mtu anayehesabu kuku wakiingia bandani. Ilipita yote. Akinyi akasimama akacheza pale ofisini na viatu vyake vya kisigino.

Kisha nikamwambia achukue rekodi za ile miezi mitatu, aziendeshe, na nikamfungulia kabati. Alitazama karatasi mpya, akatazama ya zamani, akanitazama. Aliketi.

Ijumaa nilizipeleka kwa Mzee Tuwei. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Mama Jerop, hii kitu tunaweza kuizika hapa hapa. Nani bado anakumbuka ng'ombe?" Nikamwambia Mama Kamau anakumbuka. Akakasirika, na ana haki. Alisema kamati itakaa, na kwamba ile sherehe ya kuniaga nisiingojee. Nilitoka pale, na bado nilikuwa nimebakiza mlima wenyewe.

Jana nilikwenda kwa Mama Kamau. Mumewe alishafariki, mwenyewe amezeeka, ana ng'ombe wawili tu. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya lango la boma.

"Alikuwa namba ngapi?"

"Wa nne kutoka juu."

"Mimi nilijua," akasema. "Mikono yangu ilijua. Mzee wangu aliniambia mimi sijasoma, kompyuta imesoma. Mpaka anakufa, kila ng'ombe akipunguza maziwa alikuwa ananiambia mimi sijui ng'ombe. Na wewe ulikuwa unapita hapa na barabara, miaka yote hii, unanipungia mkono."

Nilisema pole, na pole ilikuwa ndogo sana. Hakunikaribisha ndani. Unajua nyumba ile, hata muuza sufuria hupewa chai, lakini mimi sikupewa, na sikustahili. Nilipokuwa naondoka akaniita. Alitaka ile karatasi mpya niliyokuja nayo. Nikampa. Akaishika kwa mbali, akatafuta jina kwa kidole, akalipata, akanirudishia.

"Ile ya uongo uliibandika mlangoni, watu wote wakaona," akasema. "Hii pia ibandike mlangoni. Na usimame hapo. Jumatatu, saa ya maziwa. Nitakuja."

Jumatatu ni kesho, Jerop. Saa ya maziwa ni saa mbili, na basi lako ni saa mbili.

Nilifikiria kumwomba aisogeze hadi Jumanne. Nilifika hata mahali pa kugeuka nirudi langoni kwake. Angekubali pengine. Na mimi ningekusindikiza, ningekushika mkono pale stendi, na ungeniona usoni, ungejua kuna kitu, ungebaki. Wewe ndivyo ulivyo, mimi ndiye niliyekufanya hivyo. Kwa hivyo kesho nitaondoka saa kumi na mbili kabla hujaamka vizuri, na shangazi yako Rose atakuja kukusindikiza. Amekatazwa kuuliza maswali, jambo litakalomuumiza sana.

Naogopa. Sitaki ufikiri nimekuwa mtu jasiri kwa siku nne. Nimewazia ule mlango mchana wote, nyuso zile, vijana ambao mama zao walisoma zile orodha. Sijui kamati itanifanya nini. Nilidhani nikisema nitajisikia nimefunguliwa, lakini leo najisikia kama mtu aliyetoka chumba kimoja akajikuta kwenye kingine, tofauti ni kwamba hiki kina dirisha. Labda ndivyo inavyoanza.

Huko Kigali utajenga vitu vikubwa kuliko changu, na siku moja kitu ulichokijenga kitakwambia hakiko sawa, jioni, umechoka, watu wanangoja. Sitakuwepo kukwambia ufanye nini, na hutahitaji. Ninachotaka ujue ni kwamba kile kimstari kwenye skrini mimi nakikumbuka mpaka leo neno kwa neno, na sura ya baba yako siku ile akiniuliza kwa nini, hiyo imeanza kunififia.

Jana ulinunua nyama, ukasema leo tupike vizuri kwa kuwa ndiyo mara ya mwisho. Iko hapa kwenye sufuria, inatokota, nami nitakula na wewe. Barua hii nitaiweka ndani ya begi, chini ya daftari zako, mahali ambapo hutafika kabla ya kuvuka mpaka. Ndiyo, nimepanga hivyo makusudi. Nimekuwa mwongo muda mrefu, acha nitumie ujuzi huo mara moja kwa faida yako.

Ukiisoma hii mimi nitakuwa nimeshabandika ile karatasi. Akinyi ana daftari, ana ufunguo wa kabati, na folda yangu inaweza kufutwa wakati wowote bila ng'ombe yeyote kudhurika. Hakuna kitu hapa kinachokungoja. Ukiulizwa huko kwa nini mama yako hakuhama Nakuru, sema aliogopa. Usiseme tena ni wewe. Na kama umeisoma mapema, kama nakujua na umepekua begi ukiwa bado kwenye kiti, basi lenyewe bado halijafika hata Salgaa hapa jirani, na umeshasimama unamtafuta kondakta, kaa chini, mwanangu. Usishuke.

Ni mimi,
Mama yako